Kinyozi, Pima Maji na Godoro la Mama Mkwe

Mshauri wetu mpendwa, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi mama mkwe anaondoka kwangu na aibu isiyo yake. Mimi ni kinyozi, mstari ulionyooka ndiyo riziki yangu, kwa hiyo mke wangu aliposema tumwite fundi atutandazie vitofali uani nikamwambia fundi wa nini na mimi nipo, nikaazima pima maji, nikavipanga mpaka ukutani kabisa bila kuacha hata upenyo wa kupitisha wembe, na kila nilipoweka pima maji kiputo kikatulia katikati, majirani wakaja kusifu, nikavimba kichwa. Mvua zilipoanza, ukuta wa chumba cha mama mkwe ukaota doa kwa ndani, chini, usawa wa godoro lake, lipu ikavimba, chumba kikanuka, mke wangu akaniuliza kwa sauti ya chini hii harufu ni ya nini, nami, Mungu anisamehe, nikajibu, "Umri huo, mke wangu. Tumvumilie tu mama." Neno likamfikia shemeji, shemeji akaja na shuka la nailoni la kutandika juu ya godoro, akamkabidhi mama mbele ya wajukuu, na tangu siku hiyo mama hanywi maji ikishapita saa tisa, chai ya jioni anaikataa, na jana nilimsikia akimwambia mke wangu, "Mwanangu, acha nirudi kwangu, nisije nikakuharibia nyumba." Juzi mvua ikinyesha nilitoka uani nikaona maji yamesimama juu ya vitofali vyangu, yameegemea ukuta, hayana haraka. Nikajua ni mimi. Nikisema, nitachekwa mpaka kwenye kiti changu cha kunyolea; nisiposema, mama anakwenda. Nifanyeje?

Mimi, Mstari Mnyoofu

Ndugu Mstari,

Nimecheka, halafu nikakasirika, na hasira bado ninayo. Kinyozi hajinyoi, wewe umejinyoa, ukamkata mama mkwe. Kilicholowesha chumba ni sakafu yako, nawe umenyamaza huku mtu mzima akijinyima maji!

Ulipima maji, na maji nayo yakakupima. Sakafu ya nje hailali sawa kama meza, inainama kidogo ikiipa nyumba kisogo. Tena juu ya msingi wako mwashi alilaza karatasi nyeusi ya kuzuia unyevu usipande ukutani. Vitofali vyako vimeipita kwa juu, maji yamepata ngazi. Ng'oa vyote. Virudi vikiwa chini ya karatasi hiyo kwa sentimita kumi na tano, na kila mita moja kutoka ukutani ishuke sentimita mbili. Vitofali visiguse ukuta: acha mfereji wa upana wa kiganja, ujaze kokoto. Ndani, bandua lipu iliyooza, uache ukuta ukauke hata kama ni miezi. Usithubutu kuficha doa kwa rangi, nimeshakujua. Na safari hii, ita fundi.

Lakini hayo yote baadaye. Leo waite uani, shemeji awe wa kwanza. Mwaga ndoo ya maji, wayaone yanavyogoma kuondoka ukutani. Kisha sema, "Mama, ni mimi." Wakucheke mpaka washibe, umestahili. Lile shuka la nailoni mrudishie shemeji, akafunikie kuni.

Halafu mmiminie mama glasi ya maji, ijae, hata kama jua limeshazama, na usisogee hapo mpaka aimalize.