Yustina Hakutaka Mamluki

Jumatatu, 13 Aprili
Mazoezi saa kumi na nusu, nyuma ya ofisi yetu, Makambako. Tope hadi vifundoni. Kuvuta kamba, wanawake; tarehe 25 tunavutana na Njombe. Tunatakiwa nane, tuko saba. Nafasi ya mwisho, ya anayejizungushia kamba mwilini, iko wazi tangu Yustina afariki mwezi wa pili. Hakuna aliyeisogelea. Nimerudi nyumbani Lyamkena viganja vinawaka.

Jumatano, 15 Aprili
Kapteni kaleta mtu. Mwanamke wa sokoni, mbeba magunia ya viazi, mabega mapana kweli. Si mtumishi wa ofisi yetu. Mamluki huyo, hana jina lingine. Atavuta kwa jina la Yustina, maana kwenye orodha ya michezo bado lipo. Eti kwa heshima ya marehemu. Wote wakaitikia. Nami nikanyamaza. Najichukia.

Alhamisi, 16 Aprili
Niandike kwa nini najichukia. Miaka minne iliyopita tuliwashinda Njombe. Kikombe tumeshakishika. Yustina akamfuata mwamuzi, akamwambia kati yetu yumo mmoja asiye mtumishi. Kikombe kikaenda Njombe.

Nilimchukia. Yeye mtunza stoo, mimi karani wa masjala. Nikitaka karatasi naomba kwa maandishi, ili nisimsalimie. Miezi miwili mizima. Mazoezi yaliporudi nikapangwa mbele yake kwenye kamba. Siku moja nikateleza, uzito wote ukamwangukia yeye. Hakuachia mpaka niliposimama. Ngozi ya kiganja ilibanduka. Nilimfunga kwa kitenge changu, huku ananicheka kwamba navuta kama ninayeteka maji kisimani. Urafiki ulianzia hapo. Nilikuwa mjinga, na hilo niliandike.

Ijumaa, 17 Aprili
Nimesema mbele ya wote. Jina la Yustina halivutiwi kamba na mamluki, ng'o. Nafasi ya mwisho nachukua mimi, tutavuta saba. Kapteni akasema nataka tuaibike. Liwalo na liwe. Orodha nimeichapa upya, majina saba. Akaisaini bila kunitazama.

Yule dada wa viazi hana kinyongo. Ndiye aliyenionyesha jinsi ya kuchimbia visigino.

Jumanne, 21 Aprili
Wawili wa timu hawanisalimii. Mbavu zinauma. Nafasi ya mwisho ni ngumu kuliko nilivyodhani, na Yustina hakuwahi kulalamika hata siku moja. Naogopa. Tukiburuzwa kama magogo, watasema ni kwa ajili yangu, na jina lake litatajwa kwenye aibu hiyo.

Jumamosi, 25 Aprili
Njombe. Baridi ya kukata masikio. Mwamuzi katuhesabu, kauliza wa nane yuko wapi. Nikajibu amefariki, na hatukuweka mtu. Kapteni wa Njombe akamtoa mmoja wake nje. Nikamwambia hatukuomba huruma. Akasema si huruma. Anamkumbuka Yustina tangu siku ya kile kikombe, na hawezi kuvuta nane dhidi ya timu yake. Nikaenda mwisho wa kamba, nikajizungushia.

Raundi ya kwanza yetu. Ya pili yao. Ya tatu sijui ilichukua muda gani. Nililia huku navuta. Sikuachia. Tukaburuzwa taratibu, hatua kwa hatua, mpaka tukavushwa mstari.

Tumeshindwa. Uwanja mzima ulisimama kutupigia makofi, Njombe kwanza. Sijawahi kujivunia kitu hivi maishani. Tukirudi Makambako kapteni alikaa karibu yangu na kunimenyea chungwa. Wale wawili wakaomba kipande.

Jumapili, 26 Aprili
Baada ya ibada nikaenda Uwemba kwa mama yake Yustina. Kamwene, mwanangu, akanisalimu kwa Kibena, akanisogezea kigoda. Alikuwa anachambua maharage. Nikachambua naye. Nikamweleza yote, hata ile miezi miwili.

Hakulia. Aliuliza tu kama mtu wa mwisho kwenye kamba huwa anaonekana na watu. Nikasema anaonekana kuliko wote.

Akamaliza maharage ya mkononi. Kisha akamwita jirani upande wa pili wa ua, aje asikie habari za mwanawe. Jirani akaja, akakaa. Nikaanza tena, tangu mwanzo.