Simu Aliyoninunulia Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Ptuu! Programu gani hii inayokula maneno ya mtoto wangu!

Binti aliniwekea mwenyewe siku ile anamkimbia mumewe, begi begani, mkono kwenye bandeji. Akasema, mama, humu tutaandikiana mimi na wewe tu, hakuna wa kuchungulia. Ujumbe ukiusoma unajifuta. Sawa. Lakini haungoji! Mimi nasoma kwa kidole na midomo. Leo nimefika "mama usiwe na wasiwasi, nimepata"—fyuu! Kioo cheupe. Kapata nini? Kazi? Homa? Siku nzima nimepiga pasi mashuka ya gesti roho ikiwa juu. Nimeunguza foronya.

Nimemwomba aongeze muda wa ujumbe kukaa. Kakataa. Kasema yule ana macho kila mahali. Hilo nimelisoma lote, lilikuwa fupi.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata dawa! Mwenzangu wa kukunja mashuka kanionyesha: bonyeza vitufe viwili kwa pamoja, simu inajipiga picha kioo chake. Kacha! Ujumbe mpya wa binti ujifute utakavyo, picha imebaki. Nimesoma na chai yangu, nikarudia, nikarudia tena. Kapata kazi ya kushona sare za shule. Kapanga chumba nyuma ya duka la vigae, mlango wa bluu. Mji kautaja. Mkono umeunga. Nimelia kidogo, ya furaha.

Jipu la paja limeiva. Nimelipiga picha nikamwonyesha nesi wa zahanati—kuvua mbele ya foleni ile, thubutu! Kasema kanda kwa maji ya moto, usiliguse. Baya hilo! Jekundu, lina jicho. Mwenye paja mwenyewe nimegeuza uso.

Ijumaa, 8 Machi

Mkwe kaja. Shikamoo ya kuinama mpaka kiunoni, na mfuko wa matunda. Ananukia marashi. Kucha safi. Nilikuwa naitazama mikono ile tu—ndiyo iliyomvunja mwanangu kwa sababu ya mboga kuungua.

Eti kajuta. Eti halali. "Mama, mimi nataka kujua tu kama yuko salama, basi."

Nikamwambia, baba, sijui aliko, na ningejua ningekwambia. Uongo mkavu. Nilidhani atabisha. Wala! Katabasamu, kamaliza chai.

Mlangoni akageuka. "Na lile jipu, mama? Usilitumbue, liache lipasuke lenyewe."

Mungu wangu nisitiri! Jipu liko juu ya goti, juu sana! Mkwe kalijulia wapi paja langu? Nilifunga mlango nikajifunga kanga ya pili, nyumbani kwangu, peke yangu.

Ni nesi. Hana mwingine. Kesho atanitambua.

Jumamosi, 9 Machi

Nilikwenda kumpa nesi vidonge vyake. Kanisikiliza, sindano mkononi, kisha kasema: "Mama, mkweo simjui hata kivuli. Na majipu ninayoyaona humu, nikianza kuyasimulia, nitakula saa ngapi?" Benchi zima likacheka. Nikatoka nimenywea.

Nikapitia kwa fundi wa simu, kwa kuwa simu ilikuwa inalalamika imejaa. Ni msichana, wanamwita Bisibisi. Mdomo mwingi, lakini kazi anaijua. Kaifungua, kakuna shavu.

"Mama, akaunti hii nani alikufungulia?"

"Mkwe. Ndiye aliyeninunulia, kabla hawajakosana na binti. Aliniwekea kila kitu, akasema nisihangaike."

"Neno la siri unalo?"

"Si analo yeye."

"Haya. Keti kwanza."

Nikaketi. Kanieleza taratibu, kama anamlisha mtoto uji. Kila picha ninayopiga, simu inapeleka nakala kwenye ile akaunti. Na kuna simu nyingine imefungua akaunti hiyo hiyo. Kanionyesha jina lake. Ni simu ya mkwe! Mimi nabonyeza huku, yeye anatazama kule, miguu juu ya meza.

Nikamuuliza, na ile programu ya siri? Si ilisema hakuna wa kuchungulia?

"Programu haina kosa, mama. Imezificha barua vizuri. Ila wewe ukizipiga picha, picha haimo tena ndani ya programu. Hiyo inakwenda zake."

Nimetapika pale pale mferejini, mtu mzima, watu wanapita. Barua zote za mwanangu! Kushona sare. Duka la vigae. Mlango wa bluu. Na paja langu, Mungu wangu, paja la mama mkwe, kalikodolea macho, kisha kaja kunywa chai yangu na kuniuliza hali! Nimefua mashuka ya gesti tangu ujana. Nimeona kila uchafu unaotoka kwa binadamu. Huu sijawahi.

Nikamwambia Bisibisi, futa! Futa simu nzima!

Kasema hapana, mama, tulia. Ukiifuta yote, ikiwaka itadai neno la siri la huyo huyo. Hulijui, itakuwa jiwe. Na programu ya binti inakwenda nayo. Una namba yake nyingine? Sina. Alibadilisha zote, anapatikana humo tu. Basi kazima ile ya kupeleka nakala. Kafuta picha huku na kule kwenye akaunti. "Lakini alichokwisha kukiona, mama, siwezi kukitoa machoni mwake."

Nimeandika pale pale kwenye kibanda chake: Hama leo. Mumeo anajua. Ni mimi, picha zangu. Nisamehe mwanangu.

Bisibisi kasema alama moja, ujumbe umeondoka. Alama mbili, umefika.

Moja.

Jumapili, 10 Machi

Moja.

Labda hana chaji. Labda kaizima apate kupumzika. Labda— hapana, siandiki.

Gesti nimeomba ruhusa. Basi la kwenda huko ni kesho alfajiri, leo hakuna. Nimefunga begi. Naishika simu kwa ncha ya kanga, sitaki iniguse mkononi. Nikiigusa, nanawa mikono. Na bado naitazama, naitazama!

Baadaye.

Yuko sebuleni. Mkwe. Sasa hivi.

Kaingia na funguo za gari zinalia kidoleni. Hakai, kasema, kapita kunijulia hali tu, ana safari. Safari ya wapi, baba? Kacheka. "Kikazi, mama." Halafu: "Simu yako naona ina shida. Lete niitazame."

Anaona! Kaonaje, na simu ilikuwa kifuani kwangu? Ni zile nakala, hazimfikii tena. Nikauma meno nikamwambia iko kwenye chaji. Nikasimama mlangoni hivi, nikafikiri: huyu akitoka hapa, anakwenda kule. Akikaa kwenye kochi langu, hayuko kule. Ni hivyo tu. Sina kingine cha kumzuia nacho.

Basi nimemwita mwanangu. Nimetamka, mwanangu, na nyongo imenipanda mpaka puani. Nimempangusia bega, nikamvua koti, nikampelekea maji ya kunawa. Nimemwambia mtu hasafiri na njaa akiwa kwa mama yake. Kasita. Katazama saa. Kakaa.

Niko jikoni. Alama ni moja.

Anaita. "Mama, bado sana?"

Nimemjibu wali unakauka sasa hivi.

Jiko sijaliwasha.