Kabla Hawajapita Puani Mwako

Maman mpenzi,

Faida atakusomea haya leo mchana, kwa sababu herufi za simu huzioni tena. Ameniambia utaingizwa chumba cha upasuaji kesho asubuhi. Hospitali ilikubali msindikizaji mmoja tu, basi Faida mdogo wangu yuko nawe huko Kigali na mimi nimebaki hapa Kadutu, kwenye meza yako ya samaki wa sambaza. Nauza bila kujua ninachouza. Asubuhi nimempa mteja mmoja samaki wa mwenzake, akaniuliza kama mgonjwa ni mimi.

Naogopa, Maman. Daktari alitueleza yote, ninyi mkiwa mbele yake na mimi kwenye simu: uvimbe umeota kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, umekuwa mkubwa kama yai, umebana mishipa ya macho. Fuvu hawatalipasua. Watapitisha kamera nyembamba na vyuma vyao puani, watoboe kifupa cha nyuma, wautoe kidogo kidogo. Wewe ukamuuliza, "Munganga, na hiyo pua itasikia tena harufu? Miye nachaguaka sambaza na pua." Alicheka, akasema harufu inaweza kupotea majuma kadhaa. Hakucheka aliposema kwamba maji ya ubongo yanaweza kuvuja, wala alipotaja mishipa mikubwa ya damu iliyo jirani na huo uvimbe. Tangu hapo, kila nikitaka kupenga kamasi nakukumbuka, naacha.

Lakini sijaandika kwa ajili ya hofu peke yake. Unaikumbuka ile Jumapili, padri aliposema tupeane amani? Maman Nabintu, jirani ambaye mlikuwa mmenuniana naye tangu ugomvi wa bomba la maji, alikuwa kushoto kwako. Alijikaza, akakunyooshea mkono. Wewe ukaendelea kutazama altare, unatabasamu. Mkono ulibaki hewani mpaka akaurudisha mwenyewe. Nilikuwa kulia kwako, niliona yote, na niliona haya.

Njiani nikakugombeza. "Maman, uko na kiburi siku hizi. Batu beko nasema hausalimie tena."

"Mutoto wangu, miye niko nasalimia batu bote benye naona."

Nikadhani unanijibu kwa ujeuri, nikakuacha nyuma, nikatangulia nyumbani.

Alhamisi tukakutana kwenye shirika, sala ya majirani kama kawaida. Papa Déo, kiongozi wetu, akasema kuna mmoja kati yetu aliyekataa amani kanisani. Hakutaja jina, ila wote walikugeukia. Ukapiga magoti kwenye saruji. "Kama nilikosea mutu, anisamehe. Miye sijue nilifanya nini, lakini anisamehe." Kesho yake ukapita nyumba kwa nyumba, ukiomba radhi kwa watu ambao hukuwahi kuwaona wakikupita.

Miezi ikaenda. Ulipoanguka kwenye mtaro wa rigole mara ya pili, na beseni zima la samaki, ndipo nikakupeleka kwa daktari wa macho. Aliinua kidole upande wako wa kushoto, akauliza kama unakiona. "Nione nini?" ulisema. Kidole kilikuwa palepale ulipokuwa mkono wa Maman Nabintu. Nilitoka nje nikalia, hadi muuguzi akaja kuniuliza nimefiwa na nani.

Sasa sikiliza, Maman, na Faida asiruke mstari. Umedhani siku zote kwamba aliyekushtaki kwa Papa Déo ni Maman Nabintu, na hujawahi kumlaumu. Siye yeye. Ni mimi. Nilimfuata Papa Déo jioni ya Jumapili ileile, nikamwomba akuonye mbele ya wenzako ili mimi nisiaibike tena. Ulihitaji daktari, mimi nikakushtaki. Na kwenye saruji ile nilikuwa nimekaa nyuma yako, nikakuacha upige magoti.

Wiki hii nimepita nyumba zilezile. Nimewaambia ulikuwa mgonjwa na mshitaki nilikuwa mimi. Maman Nabintu yuko hapa mezani tangu saa nne, ananisaidia kuuza.

Jana ulinipigia simu, ukasema, "Nimesamehe batu bote. Niko naenda na roho mweupe." Najua kila anayekwenda kupasuliwa hapa kwetu husema hivyo. Hata hivyo, ulipokata, niliamua kukuandikia, kwa sababu ndivyo Papa, baba yetu, alivyosema siku tatu kabla ya kutuacha.

Kesho wakikuambia ufumbe macho, fumba. Wasiwasi niachie mimi, ninao wa kututosha wote wawili. Ila katika hao uliowasamehe, mimi unitoe. Usinisamehe leo, Maman, nakuomba. Unikasirikie kweli, uamke na hasira hiyo, uvuke nayo mpaka wa Ruzizi, uje unigombeze hapa nyumbani kwa sauti yako yote. Msamaha tutauzungumza ukishafika.

Mimi mtoto wako wa kwanza, ninayekungoja.