Bibi Tusekile Kwenye Usaili

Tunduma, 4 Oktoba 1998

Kwako Baba,

Asalaam aleikum, na shikamoo. Huku wote wazima, mdogo wangu Twaibu ananyonya tu. Wewe na vumbi la Zambia mnaendeleaje?

Baba, nimefaulu mtihani wa ile shule ya kimataifa ya Dar, yenye Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na elimu ya dini. Madrasa nzima nimefaulu peke yangu, wala sikushangaa. Umebaki usaili, Jumamosi tarehe 24, Mbeya. Nitasoma Qur'ani mbele ya masheikh, na lazima niende na mkubwa wa nyumbani. Mama hajamaliza arobaini, hatoki. Bibi anataka anipeleke yeye. Mama alisilimu ulipomuoa, lakini Bibi bado ni Mmoraviani wa Mbozi! Wakimwona na kitenge chake cha kwaya wataturudisha getini. Njoo wewe.

Mwanao,
Zuleha

Kapiri Mposhi, 13 Oktoba

Mwanangu,

Waaleikum salaam, marahaba. Mimi mzima, gari ndilo linaumwa. Gia boksi imekufa, spea tunaisubiri kutoka Lusaka. Sitawahi, na inaniuma.

Nenda na Bibi. Tangu ahamie kwetu, nani anakuamsha alfajiri usali? Mimi niko barabarani, na usingizi wa mama yako naujua. Wakiuliza huyu nani, sema kwa sauti: bibi yangu. Kitenge avae anachotaka.

Baba yako

Tunduma, 26 Oktoba

Baba,

Asalaam aleikum. Mama na Twaibu wazima. Mimi mwili mzima, moyo hapana.

Kiingereza niliwajibu mpaka wakaacha kuuliza. Kibemba hawakukiulizia, nikawapa tu. Wakaniambia nisome Surat Dhuha. Nikafika "Maa wadda'aka rabbuka", nikakwama. Mara nyuma yangu ikaja sauti yenye lafudhi ya Kinyiha kabisa: "Wamaa kalaa." Bibi! Nikamalizia sura, lakini asubuhi walishatutangazia kwamba ukidokezwa unakatwa alama.

Sheikh mkubwa akamuuliza alisoma madrasa gani.

"Mimi ni Mmoraviani, baba," Bibi akasema. "Ila huyu mtoto husoma kwa sauti, na mimi si kiziwi."

Walicheka mpaka mmoja akavua miwani. Mimi nilimnunia Bibi hadi Vwawa. Naye akaninunulia parachichi, akala nusu.

Zuleha wako

Tunduma, 2 Desemba

Baba,

Asalaam aleikum. Sote wazima, na safari hii hata moyo.

Nimekubaliwa! Alama walinikata, lakini sheikh ameandika kwamba nyumba ambayo hata bibi Mkristo ameishika sura, mtoto wake anasoma kweli kila siku. Naanza Januari, na hicho Kifaransa kitanijua.

Bibi aliimba uani wimbo wa kanisani mpaka majirani wakatoka. Leo alfajiri, nilipomaliza kusoma, nikamkuta kakaa kwenye kigoda nje ya mlango wangu, kajifunika shuka. Kumbe hukaa hapo kila siku. Akaniuliza nikienda nani atasoma. Nikamkumbatia tu, Baba.

Ukirudi nyumbani usisome kimoyomoyo kama ulivyozoea. Soma kwa sauti, na mlango uache wazi.

Mwanao,
Zuleha