Siagi Niliyoipaka Boti Yako

Wekesa, mjukuu wangu,

Miaka miwili sasa! Kwani Kisumu ni mbali namna gani? Wanawake wanatoka huko asubuhi na samaki kwenye vikapu, wanafika Kericho samaki bado ananuka ziwa. Wewe una miguu mizima na unashindwa. Unanitumia sukari. Juzi umenitumia blanketi. Ni zuri, ninajifunika, lakini haliniulizi mimi bibi yako, "Kogo, umeamkaje?" Nimekasirika, na sitaki kukuficha. Mimi sikuenda shule, kwa hiyo anayeandika ni Chebet, binti wa jirani. Nimemwambia aandike maneno yangu yalivyo. Nimemwona akitabasamu, nikajua ameyalainisha. Nimemwambia afute aanze tena.

Wewe hukutoka kwenye tumbo la binti yangu. Mama yako alikuja kutoka Magharibi kuchuma majani ya chai, akafa wewe ukitambaa, na mimi nikakuchukua kwa sababu ulikuwa unalia na nilikuwa na maziwa. Watu wa laini, hizi nyumba za wachumaji, waliniuliza, "Mama, huyo mtoto wa Kiluhya utamlisha nini?" Nikawajibu, "Mursik. Ana mdomo kama wenu." Ukayanywa hayo maziwa ya kibuyu mpaka ukawa mrefu kuliko mlango wangu. Kile kipaji chako cha uso kilijua boriti ya mlango kuliko kilivyojua mto wa kulalia.

Unakumbuka siku ulipokabidhiwa boti ya bwawa? Boti ndogo tu, ya kuondoa magugu yasizibe maji ya kiwandani, lakini wewe ulikuja mbio ukipiga kelele kama umepewa meli. Ilikuwa na betri, na pampu ndogo ya kutoa maji ya mvua chini ya miguu. Ulisema, "Kogo, sichumi majani tena. Nyapara amesema nikiiweka vizuri mpaka mwisho wa masika, mimi ni fundi kabisa."

Kesho yake nilitangulia bwawani kabla hujaamka. Wewe unajua desturi yetu: kitu unachokipenda, unakipaka siagi. Bibi harusi anapakwa. Mtoto anapakwa. Nikasema boti ya mjukuu wangu haitaenda majini ikiwa kavu kama yatima. Nikaipaka mbele, nikakipaka kiti chako. Halafu nikaona kile kisanduku kidogo ambamo waya zote zinaingia, nikasema, haya, moyo wake uko hapa. Nikakifungua. Hapo ndipo nilipopaka nyingi zaidi, nikaisukuma kwa kidole mpaka ndani, kila mahali palipong'aa. Sikukuambia. Baraka haitangazwi.

Masika ilikuja na mvua ya mawe, na pampu ikakataa. Asubuhi moja tulikuta boti imejaa maji, imebaki ukingo tu juu kama bakuli kwenye karai. Nyapara akasimama pale na mwavuli wake. "Wekesa, wewe ni fundi au ni mchuma majani aliyevaa ovaroli? Nakupa mpaka Jumamosi."

Wewe na wenzako mlitoa maji kwa ndoo. Ukabeba betri mgongoni mpaka Kericho ikachajiwe, ukairudisha, pampu ikanyamaza vilevile. Ukaifunga pampu na waya zake moja kwa moja kwenye betri, ikanguruma. Ulikuna kichwa! "Kogo, pampu ni nzima. Betri ni nzima. Mgonjwa ni nani?"

Ndipo ukatoa ile mita ya kupima umeme, yenye mshale nyuma ya kioo na waya mbili, nyekundu na nyeusi. Nilikaa kwenye nyasi na ng'ombe wangu wawili wakila nyuma yangu, ukanifundisha. Sijui namba, lakini mshale niliuelewa. Ukisimama huku, betri imeshiba. Ukilala kule, kuna njaa. Uligusa kule mwisho, karibu na pampu, mshale ukasimama. Ukafurahi. Ukawasha pampu, mshale ukalala. Ukazima, mshale ukasimama tena. Ukaipiga mita kofi, ukasema imeharibika.

Nikakuambia, "Mita haina kosa. Huo umeme ni kama bwana harusi mvivu. Akiitwa anaitika, akipewa jembe anaketi."

Ulicheka, halafu ukaacha kucheka. Ukasema kumbe lazima upime pampu ikiwa imewashwa, wakati wa mzigo. Ukaanza tena kutoka kwenye betri, unagusa, unasonga, unagusa, unasonga, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye unyayo. Kabla ya fyuzi mshale ulisimama. Baada ya fyuzi ulilala. Ukafungua kile kisanduku chenye fyuzi.

Ndani kulikuwa kijani. Ile shaba yote imeota ukungu wa kijani, unanata kama kamasi. Ukachota kwa kidole, ukanusa. Siagi iliyochacha haijifichi. Ukageuka ukanitazama, Wekesa, na mimi nikatazama ng'ombe.

Nyapara naye alikuwa amefika nyuma yetu. "Nani amepaka mafuta kwenye umeme?"

Nilikuwa na mdomo. Nilikuwa na meno. Lakini yule ndiye aliyekuwa ananiruhusu kulisha ng'ombe kwenye majani ya bwawa, na nikafikiri, nikisema, ananifukuza. Nikiwa bado nafikiri, wewe ukasema, "Ni mimi, bwana. Nilidhani yatazuia maji."

Ulisugua shaba kwa msasa, ukarudisha fyuzi, pampu ikavuta maji hata kabla ya saa sita. Uliitibu. Na bado Jumatatu ukarudishwa kwenye kikapu cha majani, na wachumaji wakikuita Fundi Siagi toka mstari mpaka mstari. Ulivumilia mwezi mmoja. Hukuwahi kunilaumu. Hukunipa hata jicho baya, ningelipata hilo ningelala. Ukaniaga, ukainama usigonge mlango, ukaenda.

Niliweka ng'ombe upande mmoja na wewe upande mwingine, nikachagua ng'ombe. Ndiyo hiyo. Chebet ameacha kuandika, ananitazama. Andika, msichana.

Wiki iliyopita nilienda kwa nyapara na kumwambia yote. Alicheka mpaka akavua kofia. Halafu akanikataza bwawa, mimi na ng'ombe wangu. Sawa. Sasa tunatembea mpaka kwenye msitu kule juu ya Kimulot, magoti yangu yanalalamika, maziwa ni kidogo, na ninalala usingizi kama mtoto. Nilipokuwa natoka aliniambia, "Mama, yule kijana alikuwa fundi. Lakini mimi nikijua peke yangu inasaidia nini? Watu wote wanajua ni yeye."

Amesema kweli, hata kama simpendi. Jana tu nilisikia mama mmoja akimkanya mwanawe, "Usishike hiyo redio, utakuwa Fundi Siagi." Niliumia.

Nimesikia kwamba huko ziwani wavuvi wanakungoja wewe injini zao zikikataa, hata kama kuna mafundi wazee. Sikuambii uache kazi hiyo. Hata nyapara akikuitia boti yake, wewe ndiye utachagua. Ninachotaka ni upite katikati ya laini hizi, hapa ulipotambaa, na mtu akuite Wekesa.

Kwa hiyo sikiliza. Njoo siku ya kazi, siyo Jumapili. Shuka Kericho mapema ili ufike saa ya kupima majani, wachumaji wote wakiwa wamepanga foleni na vikapu, na nyapara yuko pale. Nitakuwa nimesimama karibu na mizani. Nitasema kwa sauti ni nani alipaka ile siagi na ni nani alinyamaza. Nakujua, utataka kuingilia, utasema ni wewe, utasema Kogo amezeeka. Usithubutu. Nishike mkono ili nisianguke, na ufunge mdomo mpaka nimalize.

Ni mimi,
Kogo wako