Bi. Tatu na Kibao Kibovu

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba, shikamoo yako imefika Ipagala salama. Bibi yako anakusalimu. Goti lake limepoa, ulimi bado.

Umeuliza kama uitupe kompyuta yako kuukuu, kwa kuwa kila ukiiwekea mfumo mpya inagoma katikati na kusema kumbukumbu ina hitilafu. Usitupe. Nakili kwanza kazi zako zote, kisha nisikilize.

Nilipokuwa karani kijana, kompyuta ya ofisi ilinigomea hivyo hivyo. Nikarudia kuweka mfumo mara tano, kama mtu anayemwita kiziwi. Bosi akasema, "Kesho isipofanya kazi, na wewe usije." Nikaona kibarua kinaota nyasi.

Mpiga chapa wetu, Bi. Tatu, mtoto wa wauza nafaka wa Kondoa, akanicheka. "Kijana, gunia moja likinuka unachoma ghala?"

Akachomoa umeme, akafungua kasha kwa bisibisi, akanipa niishike, akatoa vibao viwili vya kumbukumbu, yaani RAM, na kusugua ncha zake kwa raba ya penseli. Akarudisha kimoja peke yake, akawasha, kompyuta ikagoma. Akakitoa, akaweka cha pili. Mfumo ukaingia polepole hadi mwisho. Hakusomea popote yule mama. Alipima kimoja kimoja, basi. Mpaka leo namstaajabia.

Asubuhi bosi akauliza nani kaitengeneza. Nikakohoa. "Tumeitengeneza, mzee."

Bi. Tatu hakuinua macho. "Kweli kabisa," akasema. "Mwenzangu alishika bisibisi."

Ni mimi babu yako, nikupendaye.