Hukumu ya Mlinzi

3 Machi

Mwanangu,

U mzima huko? Mimi sijambo, goti tu ndilo lenye kiburi. Kurasa zako za muhtasari wa hukumu mpya nimezisoma zote, hata ya viwanda viwili vinavyogombania jina la sabuni. Kweli unalipwa kusoma ugomvi wa watu!

Ila ile ya mlinzi aliyefukuzwa bila kusikilizwa, mahakama ikamrudisha kazini, nimeikata kwa mkasi. Hiyo ni yangu. Miaka kumi na tisa nimepikia shule ile, halafu meneja mpya ananifukuza kwa karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa jiko, eti nimemwaga gunia la unga. Nimemwaga, ndiyo! Uliota ukungu, na wale ni watoto wa watu. Baraza la kazi linanisikiliza tarehe 17. Wakili wa nini? Mdomo ninao.

Mama yako

15 Machi

Shikamoo Mama,

Goti linaendeleaje? Simu yako haipatikani tangu jana, barua hii nampa dereva wa basi.

Usiitumie hukumu ya mlinzi! Mahakama ya rufaa imeitengua juzi. Kumbe aliitwa mara mbili ajieleze, akagoma. Muhtasari ule niliuandika mimi, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuingiza mkenge. Omba kesi iahirishwe, tafadhali.

Mwanao

18 Machi

Mwanangu,

Salama? Barua yako imefika leo. Basi liliharibika njiani, na mimi jana nilishaisoma hukumu yako mbele ya baraza, kwa sauti, miwani puani.

Wakili wa shule akasimama akitabasamu: "Hukumu hiyo imetenguliwa. Mlinzi aliitwa mara mbili, akakataa." Watu wakacheka. Nilitamani ardhi ipasuke. Mwenyekiti akaniuliza kama nina lingine.

Nikasema, "Mheshimiwa, mwenzangu aliitwa mara mbili. Mimi niliitwa mara ngapi? Muulizeni meneja."

Meneja akaanza kukagua viatu vyake. Wakili naye tabasamu likamwishia.

Uamuzi utatolewa baadaye. Naitaka kazi yangu, mwanangu. Nyumbani hapa napika sufuria moja, nachanganyikiwa.

Mama yako

2 Aprili

Shikamoo Mama,

Natumaini u mzima. Umeshinda! Uamuzi umefika mezani kwangu kabla sijanywa chai: urudishwe kazini. Mkuu wangu alitaka muhtasari wa maneno tisini. Nikamwambia mpishi huyo ni mama yangu, akampa mwenzangu aandike. Nimelia, Mama, tena mbele ya watu.

Lakini tusishangilie mapema. Shule ina siku thelathini za kukata rufaa. Kila asubuhi nitapita masjala ya mahakama kuangalia.

Mwanao

3 Mei

Shikamoo Mama,

Vipi afya? Barua mbili hujajibu, na simu inaita tu. Siku thelathini zimeisha jana. Nimemsumbua karani wa masjala mpaka akiniona anajificha. Hakuna rufaa! Sasa unaweza kurudi kazini bila wasiwasi. Niambie utaanza lini.

Mwanao

6 Mei

Mwanangu,

Sijambo, na goti limenyooka. Rufaa gani tena? Nilianza siku ile ile niliyopata uamuzi. Meneja alinipa ufunguo mwenyewe, kwa mikono miwili. Nilipowasha jiko nikalia, nikasingizia moshi.

Mwambie karani atoke alikojificha. Simu nitapokea Jumapili. Hapa kuna watoto mia tatu wamepanga foleni, na wa kwanza ananigongea sahani.

Mama yako, mpishi